Jinsi ya Kutazama Chaneli za Mauzo Bila Kuchoshwa na Maelezo Marefu ya Bidhaa Moja

Watazamaji wa chaneli za mauzo ya televisheni nchini Marekani, Uingereza na Ujerumani, wakiwamo wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko, wana lalamiko moja linalojirudia: bidhaa moja huzungumziwa mno. Mtu amekaa kusubiri sufuria zilizotangazwa kwamba zitaonyeshwa jioni, lakini anakuta blauzi ileile bado iko hewani, ikigeuzwa rangi baada ya rangi, huku mtangazaji akirudia yale aliyokwisha kuyasema kuhusu kitambaa kisichokunjamana. Lalamiko hili ni la haki kabisa, kwa sababu mtazamaji anayetaka kununua ametoa muda wake kwa nia njema na anastahili kupewa habari, si kushikiliwa. Mwongozo huu unaeleza kwanza kwa nini maelezo hayo hurefushwa, kisha namna ya kuchota habari unayoihitaji ndani ya dakika chache na kuachana na mengine yote.

Fahamu kinachorefusha maelezo

Biashara hii ilianzia redioni. Mwaka 1977, kituo kimoja cha redio huko Clearwater, Florida, kilikuwa kinamdai mfanyabiashara aliyetangaza bidhaa zake hewani na kushindwa kulipa fedha taslimu, naye akalipa kwa vifungua makopo vya umeme 112 vya rangi ya parachichi. Mmiliki wa kituo hicho, Lowell Paxson, alimwagiza mtangazaji wake, Bob Circosta, aviuze hewani kwa dola 9.95 kila kimoja, navyo vikamalizika. Kutokana na tukio hilo, Paxson na mshirika wake Roy Speer walianzisha chaneli ya mauzo katika televisheni ya kebo ya eneo lao mwaka 1982, ikaenea nchi nzima mwaka 1985, na leo inajulikana kwa jina la HSN. Mwaka 1986 Joseph Segel alianzisha chaneli nyingine ya mauzo, QVC, huko West Chester, Pennsylvania, ambayo bidhaa yake ya kwanza kuuzwa ilikuwa redio ya bafuni ya dola 11.49. QVC ilifika Uingereza mwaka 1993 na Ujerumani mwaka 1996, na mwishoni mwa mwaka 2017 kampuni mama yake ikainunua HSN.

Katika televisheni ya kawaida, tangazo hukatiza kipindi. Katika chaneli hizi hakuna kipindi kingine kinachosubiriwa, kwa kuwa tangazo ndilo kipindi chenyewe, na kila dakika ya hewani inatarajiwa kuleta mauzo. Katika chumba cha kuongozea matangazo, watayarishaji huona oda zinavyoingia papo hapo, na huzungumza na mtangazaji kupitia kifaa kilichomo sikioni mwake. Oda zikipanda, huambiwa aendelee na bidhaa hiyo. Zikishuka, huambiwa afunge na kwenda kwenye bidhaa nyingine. Kwa hiyo pale unapoona blauzi haiondoki, maana yake ni kwamba kuna watu wengine wanaoinunua wakati huohuo, na uchovu wako haumo katika hesabu inayotazamwa na watayarishaji.

Sababu ya pili ni kwamba watazamaji wa chaneli hizi huingia na kutoka. Mtu anabonyeza rimoti, anasimama hapo kwa muda mfupi, anaondoka, na mwingine anaingia. Mtangazaji analazimika kuzungumza kana kwamba kila baada ya dakika chache amepata hadhira mpya, ndiyo maana bei, namba ya bidhaa na sifa zake kuu hurudiwa mfululizo. Mtu aliyeingia sasa hivi anasaidika, lakini aliyekaa tangu mwanzo anasikia jambo lilelile tena na tena.

Usitarajie sana kwamba sheria itakuokoa na urefu wenyewe. Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani ilikuwa na miongozo ya kuzuia wingi wa dakika za matangazo ya biashara katika televisheni, lakini iliiondoa mwaka 1984. Baadaye, kupitia sheria ya mwaka 1990, Bunge la nchi hiyo liliweka kikomo kwa vipindi vya watoto peke yake: dakika 10 na nusu kwa saa siku za mwisho wa wiki, na dakika 12 siku nyingine. Huko Ulaya, kanuni za utangazaji zinataka dirisha la mauzo, yaani muda uliotengwa kwa kuuza bidhaa katika chaneli ya kawaida, lisipungue dakika 15 mfululizo, yaani kinachozuiwa ni ufupi. Mtu mzima ameachiwa alinde muda wake mwenyewe.

Ingia ukiwa na maswali yako

Jambo lenye faida kubwa kuliko yote hufanyika kabla ya kuwasha televisheni. Chaneli nyingi za mauzo huchapisha ratiba katika tovuti zao na katika programu za simu, zikionyesha saa ya vyombo vya jikoni, saa ya vito, saa ya nguo na kadhalika. Tazama ratiba hiyo, chagua saa inayokuhusu, kisha andika kwenye karatasi maswali ambayo majibu yake ndiyo yatakayokufanya ununue au uache. Bila maswali hayo, utayapokea maswali ya mtangazaji, na maswali yake yamechaguliwa kwa sababu yana majibu mazuri.

Maswali yawe ya kupimika. Kwa sufuria: imetengenezwa kwa madini gani, kitako chake kina unene gani, inafanya kazi kwenye jiko la sumaku, inastahimili oveni hadi nyuzi ngapi, na mpini wake umefungwa kwa skrubu au kwa ribiti. Kwa nguo: vipimo halisi vya kifua, kiuno na urefu kwa sentimita au inchi, na kitambaa kina asilimia ngapi ya pamba na ngapi ya poliesta. Kwa vito: dhahabu ni ya karati ngapi, au ni rangi ya dhahabu iliyopakwa juu ya madini mengine.

Kwa vifaa vya umeme kuna swali ambalo ni letu zaidi kuliko la watazamaji wengine, na linastahili kuwekwa juu ya orodha. Wengi wetu tunaoishi ughaibuni hununua mashine za kusagia, pasi na vikaangio kwa nia ya kuvipeleka nyumbani. Umeme wa Marekani ni volti 120, ilhali wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni volti 240. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani peke yake, ikichomekwa moja kwa moja ukutani Dar es Salaam au Mombasa, itaungua, na kibadilisha umeme chenye uwezo wa kuendesha kifaa kinachotumia wati nyingi ni kizito na cha gharama. Mtangazaji hatalitaja jambo hili hata akizungumza saa nzima, kwa sababu hadhira anayoifikiria iko Ohio au Texas. Tafuta lebo ya kifaa katika picha za tovuti: ikisema 100–240V, kifaa kitafanya kazi kotekote ukipata plagi inayofaa; ikisema 120V tu, kiache. Aliyeko Uingereza ana nafuu, kwa kuwa umeme wa huko ni volti 230 na plagi yake ya miguu mitatu ya mraba ndiyo inayotumika Kenya, Uganda na sehemu kubwa ya Tanzania.

Tazama mzunguko mmoja tu

Maelezo ya bidhaa katika chaneli hizi huenda kwa mzunguko. Kwanza bidhaa hutambulishwa pamoja na bei, kisha huja onyesho la matumizi, kisha rangi na saizi, kisha simu ya mteja aliyeridhika au neno la mgeni wa studio aliyetumwa na kiwanda, kisha taarifa ya kiasi kilichobaki, na hapo mtangazaji hurudi kwenye bei na kuanza upya. Ukishasikia bei ikitajwa kwa namna ileile uliyoisikia mwanzo, jua kwamba umekwisha kupata habari zote zitakazotolewa. Kinachofuata ni marudio, na unaweza kuondoka bila hofu kwamba kuna jambo jipya linalokupita.

Katika mzunguko huo mmoja, weka macho kwenye onyesho. Hapo ndipo televisheni inapokupa kitu ambacho karatasi haiwezi kukupa: namna kitambaa kinavyoanguka mwilini, ukubwa wa chombo kikiwa mkononi mwa mtu, sauti ya injini. Angalia pia kile ambacho hakikuonyeshwa. Kisu kinachokata nyanya kwa wepesi kinapendeza, lakini kama hakikugusa mfupa wala boga, hujaonyeshwa kazi ngumu. Mashine ya kusaga iliyowekewa matunda laini na maji mengi haijathibitisha kwamba itasaga nazi au karanga kavu.

Njia moja ninayoipendekeza kwa moyo wote ni kunyamazisha sauti na kuwasha maandishi ya maneno yanayotamkwa, ambayo televisheni nyingi huyaonyesha chini ya skrini. Msukumo wa kununua haraka hubebwa zaidi na sauti kuliko na maneno: mwendo wa usemaji, kicheko, muziki wa chinichini, mshangao wa mgeni wa studio. Ukisoma maneno yaleyale kimya kimya, utaona kwa haraka ni sentensi ngapi zina habari na ngapi zinasifu tu. Pia hutachoka sana, kwa sababu jicho huruka marudio ambayo sikio haliwezi kuyakwepa.

Kama televisheni yako au king'amuzi chako kinaweza kurekodi, rekodi saa unayoitaka na uitazame baadaye kwa kupeleka mbele. Oda nyingi zinaweza kuwekwa hata baada ya bidhaa kutoka hewani, na mara nyingi video ya bidhaa hiyo huwekwa katika ukurasa wake wa tovuti, ikiwa imekatwa kuwa fupi. Kwa mtu anayefanya kazi za zamu hospitalini au ghalani na ana saa chache za kupumzika, kurekodi ndiyo suluhisho lililo bora kuliko yote.

Hamia kwenye ukurasa wa bidhaa

Chini au pembeni mwa skrini kuna namba ya bidhaa. Iandike, ifungue katika tovuti ya chaneli, na uache televisheni iendelee yenyewe. Katika ukurasa huo utapata vipimo, malighafi, nchi ilikotengenezwa, masharti ya dhamana na maoni ya wateja. Usianze na maoni ya nyota tano wala ya nyota moja, kwa sababu ya kwanza mara nyingi huandikwa siku mzigo ulipofika na ya pili huandikwa kwa hasira. Soma ya nyota tatu, ambayo mara nyingi hutaja mema na mabaya ya kitu hicho. Kisha tafuta jina la kampuni na modeli ileile katika maduka mengine. Ikiwa modeli hiyo haipatikani kwingine kokote, linganisha na iliyo karibu nayo kwa wati, ujazo na uzito.

Baada ya hapo, hesabu bei kamili. Tuseme mashine ya kusaga inauzwa dola 79.98, na mtangazaji anarudia kwamba utalipa takribani dola 16 tu kwa mwezi kwa miezi mitano. Ongeza dola 9.97 za usafirishaji na kodi ya mauzo ya asilimia 7 juu ya bei ya bidhaa, ambayo ni dola 5.60, na jumla inakuwa dola 95.55. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na bei ya dukani. Namba inayorudiwa hewani ni 16, nayo hukaa kichwani kwa sababu imesikika mara nyingi. Andika 95.55 kwenye karatasi yako kwa maandishi makubwa kabla ya kushika simu.

Kuhusu saa inayohesabu kurudi nyuma na idadi ya vipande vilivyobaki, fanya jaribio rahisi: andika namba ya bidhaa leo, kisha ifungue tena kesho na wiki ijayo. Baadhi ya bei maalumu za siku huisha kweli, na baadhi ya rangi humalizika kweli. Lakini ukilifanya jaribio hili kwa bidhaa kadhaa, utajua kwa macho yako mwenyewe ni mara ngapi bidhaa hurudi hewani, pengine kwa bei ileile, na haraka ya mtangazaji haitakuyumbisha tena.

Ikiwa mtazamaji ni mzazi wako

Sehemu hii ninaiandika kwa uzito wa pekee, kwa sababu ndiyo yenye maumivu. Mama au mama mkwe anapokuja kuishi na watoto wake Minnesota au Leicester, asubuhi wote huondoka kwenda kazini na shuleni, nje kuna baridi, jirani hamjui, na lugha ya mtaani haijamkaa. Chaneli ya mauzo inakuwa sauti ya binadamu ndani ya nyumba. Mtangazaji anatabasamu, anazungumza polepole, anarudia maneno, na wateja wanaopiga simu wanaitwa kwa majina. Urefu wa maelezo ambao unamkera kijana ndio unaompa mzee nafasi ya kufuatilia na kuelewa. Kumwambia kwamba anapoteza muda ni kumwondolea mwenzi wa mchana bila kumpa mwingine.

Anza kwa kukaa naye na kutazama pamoja, kwa heshima: "Mama, hebu tuione hii wote wawili, halafu tuangalie kwenye simu wateja wengine wanasemaje." Mfundishe namna ya kuandika namba ya bidhaa kwenye daftari, na mkubaliane kwamba daftari hilo mtalisoma pamoja jioni kabla ya oda yoyote kupigwa. Mzee anayeheshimiwa katika uamuzi huo hana sababu ya kuficha vifurushi. Kama kadi ya benki imehifadhiwa katika akaunti ya chaneli, iondoe kwa ridhaa yake, na uiombe benki iwe inatuma ujumbe kwa kila malipo. Zima ununuzi wa kubonyeza mara moja kwenye rimoti au simu, kama upo. Kufunga chaneli kwa namba ya siri kuwe hatua ya mwisho, nayo ifanywe kwa kuzungumza naye, kamwe si kwa kumvizia. Muhimu zaidi ni kumtafutia vipindi vingine vya kumchangamsha: chaneli za Kiswahili kupitia intaneti, simu ya video na dada zake saa za mchana wa huko, kikundi cha akina mama wa msikitini au kanisani.

Kurudisha na kulalamika

Haki ya kurudisha hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 2013, mtu aliyenunua kwa simu, televisheni au intaneti anaweza kughairi ndani ya siku 14 tangu kupokea bidhaa, bila kutoa sababu, kisha ana siku nyingine 14 za kuirudisha, na muuzaji lazima arejeshe pia gharama ya kawaida ya usafirishaji wa kwanza. Ujerumani nayo ina siku 14 za kughairi. Bidhaa zilizofungwa kwa sababu za usafi haziingii humo zikishafunguliwa. Marekani hakuna haki ya namna hiyo kwa manunuzi ya simu: kanuni ya siku tatu ambayo watu huitaja inahusu hasa mauzo yanayofanyika nyumbani kwa mteja au mahali pa muda. Huko unategemea sera ya muuzaji, kwa hiyo isome kabla ya kulipa, hasa sehemu inayoeleza ni nani anayelipia mzigo wa kurudi. Kanuni ya shirikisho inamlazimu muuzaji kusafirisha bidhaa ndani ya muda aliouahidi, au ndani ya siku 30 kama hakutaja muda.

Ukitaka kulalamika kuhusu urefu wa maelezo, waandikie huduma kwa wateja kwa barua pepe, wala usiishie kwa kufoka kwenye simu. Taja tarehe, saa, namba ya bidhaa, bidhaa uliyokuwa ukiisubiri, na useme waziwazi kwamba ulihama chaneli na oda uliyokusudia hukuiweka. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa sababu wao hupima mauzo kwa dakika na barua yako inawaonyesha mauzo yaliyopotea, jambo ambalo mitambo yao haiwezi kulirekodi. Omba jambo moja mahususi, kwa mfano kwamba saa ya kuanza kwa kila bidhaa ionyeshwe kwenye skrini, au kwamba bidhaa iliyotajwa kwenye ratiba isisukumwe mbele bila taarifa.

Ikiwa tatizo ni madai ya uongo, kama vile krimu inayodaiwa kuponya ugonjwa au bei ya zamani ambayo haijawahi kutozwa, hapo umeingia katika eneo linalosimamiwa na sheria. Marekani, peleka taarifa kwa Tume ya Shirikisho ya Biashara kupitia tovuti yake ya reportfraud.ftc.gov, Uingereza, andikia Mamlaka ya Viwango vya Matangazo. Ambatanisha picha ya skrini yenye namba ya bidhaa na saa, nakala ya ukurasa wa tovuti siku hiyohiyo, na risiti kama ulinunua. Hifadhi nakala zako zote hadi upate jibu la maandishi.